Mgongo wa Wembe

Kila Ijumaa asubuhi Shaweji alikwenda kunyolewa ndevu, ingawa ndevu hakuwa nazo. Zilikoma kuota baada ya madaktari kumtoa uvimbe kwenye tezi iliyo chini ya ubongo, na mabaki yake wakayachoma kwa mionzi. Tezi ilinyamaza. Sasa walikuwa wakimdunga sindano za homoni ya kiume ambayo mwili wake hautengenezi tena, wakamwambia asubiri.

Kinyozi wake, Mbaruku, hakuwahi kumuuliza kitu. Alimpaka povu, akaugeuza wembe na kumpitishia mashavuni mgongo wa wembe huo, upande usio na makali, taratibu, hadi povu likaisha. Waliokuwa wakingoja kwenye benchi waliona mwanamume mwenzao ananyolewa. Shaweji alijua, maana mgongo wa wembe haukwaruzi.

Ijumaa hii wembe ulipofika chini ya kidevu, mkono wa Mbaruku ulisita. Akafuta povu kwa kidole gumba, akapapasa, akapapasa tena.

"Kuna nini?" Shaweji akauliza, macho kayafumba.

"Tulia, ndugu yangu. Usitikisike, nitakukata."

Nitakukata! Hilo hakuwa ameambiwa tangu alipougua. Akasikia wembe ukinolewa kwenye mkanda wa ngozi, kisha makali yakamgusa, baridi, na chini ya kidevu chake kukasikika mkwaruzo mdogo.

Shaweji akamshika mkono.

"Usizimalize," akanong'ona.

Mbaruku akabaki ameuinua wembe, nywele tatu nyeusi zimenasa kwenye povu.