Nje ya Vijiti Vyeupe

Mgeni alifika Kabambare bila taarifa: injinia wa Lubumbashi, na gari lake, mfuko wa fimbo za gofu na vijiti vyeupe. Alivichomeka kuzunguka uwanja, akamweleza Chimène, aliyembebea mfuko, kwamba mpira ukivuka vijiti uko nje, hauchezwi. Kesho yake angempeleka Chimène Kasongo, alikopata kazi ya ualimu. Barabara ilikuwa matope matupu. Pikipiki hazikupita, ila gari lile tu.

Sasa mpira ulikuwa umelala nje ya vijiti, katikati ya karanga za mama jirani. Zilikuwa zimetoa maua, na vikonyo vyake vilikuwa vinaingia udongoni kuzaa. Wakati huo hakuna anayekanyaga shamba, hata mwenyewe. Chimène alikuwa amemwahidi, "Mama, hakuna mutu atapita humu."

Injinia aliinua fimbo. "Sogea, mademoiselle. Nitapiga humo humo."

"Ulisema ule mupira iko inje, Papa."

"Sheria ni ya gofu, gari ni yangu. Utaenda Kasongo na miguu?"

Mkanda wa mfuko ulikuwa unamkata begani. Chimène aliutua chini, akasimama kati ya fimbo na maua.