Saini Saba Bila Kikao

Katibu alimkuta mpaka rangi juu ya ngazi, uso umejaa madoa meupe, wala hakumsubiri ashuke. Alimnyooshea karatasi mbili na kalamu.

Wote wawili walikuwa wajumbe wa bodi ya ushirika wa mikate wa mtaa wao. Tanuri lao lilikuwa limechoka: mkate uliungua upande mmoja, upande wa pili ukabaki unga mbichi, na wateja walishaanza kuhama. Lilitakiwa jipya, tena upesi. Lakini bodi ile ikikutana haiamui kitu. Kikao cha mwisho kilikula saa tano kwa rangi ya mlango, na mlango wenyewe hadi leo hauna rangi.

Ndipo katibu alipofukua katiba yao akakuta kipengele kitamu: bodi inaweza kuamua bila kikao, mradi wajumbe wote saba watie saini azimio moja. Akachapa ukurasa wa tanuri, akampelekea mwenyekiti, mzee aliyekalia kiti kile miaka kumi na tisa kwa kuwa hakuna mwingine aliyekitaka. Mzee alimsifu, akaongeza ukurasa wa pili wa mambo ya utaratibu, akatia saini ya kwanza. Katibu aliyajua mambo ya utaratibu ya mzee yule, hakujisumbua kuufunua.

Mpaka rangi alisoma ukurasa wa kwanza akigunaguna. Alipofika wa pili, nusura adondoke. Alitia saini mbiombio, akaandika na saa na dakika.

Fundi cherehani alimwacha mteja kasimama na pini begani; saini, saa, dakika. Muuguzi alisaini huku ameshika mkono wa mgonjwa. Dereva wa gari la mikate alisimama katikati ya barabara, honi zikimlilia nyuma. Katibu hakuyaamini macho yake. Alianza kujiona ana kipaji: labda miaka yote hii walikosa tu mtu wa kuwaandikia sentensi nzuri.

Alibaki mume wa dada yake, ambaye bodi nzima ilimwita Kwanza Tujadili. Huyu aliwahi kupinga kikao kuahirishwa, kisha akapinga kuendelea nacho. Katibu alimkuta kwa kinyozi, kichwa kimenyolewa nusu.

Shemeji alisoma kurasa zote mbili polepole.

"Nani bado hajasaini?"

"Mimi na wewe tu, shemeji. Mimi ndiye katibu, nitafunga."

Kalamu ilinyakuliwa mkononi mwa katibu kabla hajafunga mdomo. Shemeji alisaini, akachungulia saa ya kinyozi, akaandika dakika.

"Umefanya kazi kubwa, shemeji," alisema kwa upole usio wa kawaida yake. "Bodi haitakusahau."

Katibu alirudi ofisini nusura akimbie. Mwenyekiti alikuwa amesimama, kofia kichwani, funguo zote amezipanga mezani. Katibu aliketi, akatia saini ya saba kwa madaha, akaipigia na mstari chini. Mzee alimpa mkono kwa mikono miwili, akatoka akipiga mluzi.

Katibu alifunua ukurasa wa pili atafute pa kutoboa tundu la faili. Ulikuwa na sentensi moja tu: "Mwenyekiti wa sasa anang'atuka leo, na kiti chake, kwa miaka mitano, kitakaliwa na mjumbe atakayekuwa wa mwisho kutia saini azimio hili."