Dole Gumba Kwenye Kikonyo

Bi Mize alilitoa kabatini jani la nta, kazi ya mwisho ya marehemu mumewe, fundi wa shaba, aliyeliiga jani la mti wa mkungu wa uani kabla haujakatwa. Kwenye kikonyo, alama ya dole gumba lake ilikuwa ingalipo.

"Shemeji, nikilifunika kwa udongo na kulichoma, nta yote itamwagika, shaba ichukue nafasi yake," alisema Makame, mdogo wa marehemu. "Udongo ukipasuka, tumekosa vyote. Na hii alama, niifute? Fundi haachi kidole kwenye kazi."

"Iache."

Akabonyeza dole gumba lake kando ya lile la mumewe, kisha akamkabidhi Makame jani.

Nta ilipoanza kuchuruzika kutoka kwenye udongo wa moto, ua ukanukia asali kama zamani. Bi Mize akakinga kiganja chini ya matone.