Pamba Nyeupe

"Nipe vijiti vigumu vya kusafishia kiko," mume alimwambia muuza duka, kifua mbele. "Changu kimejaa masizi. Usimuulize huyu mke wangu, anachojua ni kukohoa tu."

Kikohozi hicho ndicho kilichokuwa kisingizio cha bwana kuaga kila jioni, kiko mfukoni, eti akavutie mbali asimsumbue.

"Kwanza tupime tundu, mzee," alisema muuza duka, akakipokea kiko. Akachukua kijiti laini, waya mwembamba uliovikwa pamba, akausukuma taratibu ndani ya shina la kiko mpaka ukatokeza upande wa pili.

Pamba ilitoka nyeupe pe.

Muuza duka akainamisha macho, akaanza kupanga makopo yaliyokwisha pangwa. Mume ndiye aliyekohoa sasa.

Mke alikitwaa kile kijiti, akakinusa, kisha akamtazama mumewe juu hadi chini, kama anayetazama samaki wa juzi.

"Tupe hivi laini, vinamtosha," alisema. "Na kiberiti. Leo baba watoto atavutia sebuleni, mbele yangu. Nitamwashia mwenyewe."