Kinasa Sauti cha Sefu

Ijumaa hiyo Mwanakheri alikuwa aolewe tena, lakini kwanza alitaka kusikia kilichomo kwenye kinasa sauti cha marehemu mumewe, Sefu. Walikikuta mfukoni mwake walipomfukua mgodini, betri imekufa.

Fundi Kitwana aliipachika betri kwenye chaja. Taa nyekundu ikawa inapepesa.

"Mbona haitulii?"

"Ndani mna kidude kinachoipima kwanza, dada. Betri iliyozimia hivi ikimiminiwa umeme wa kasi itaungua. Inadondoshewa kidogo kidogo mpaka izinduke."

"Na ikikataa?"

"Kidude kinakata umeme. Basi tena."

Mwanakheri akajikuta anaomba ikatae. Aliionea haya dua hiyo, lakini hakuiacha.

Taa ikatulia. "Imepokea," alisema Kitwana. "Sasa inajaa kwa kasi."

Mwanakheri alitaka kumwambia achomoe, lakini akaendelea kuitazama taa. Baada ya saa moja taa ikageuka kijani, na chaja ikajikata yenyewe. Kitwana akairudisha betri mahali pake, akamkabidhi kinasa sauti, kisha akatoka nje ampe nafasi.

Kilikuwa na joto kama kiganja cha mtu. Akabonyeza. Ulisikika mchanga ukichuruzika, halafu Sefu akakohoa, akavuta pumzi ndefu kama anayetaka kusema.