Kikohozi cha Mwalimu Plagi

Onyo lilitokea kwenye kioo cha kompyuta Mwalimu Plagi akiwa amesimama nyuma ya kiranja wa maabara: kumbukumbu inakaribia kujaa, imebaki nafasi ya sauti moja.

Iliyoijaza ni hifadhidata tukufu ya majina ya utani ya walimu wote, kila jina na sauti ya mwanafunzi akimwigiza mwalimu huyo. Kiranja alikuwa ameiweka kwenye kumbukumbu ya muda tu, si kwenye diski, kwa hekima kubwa: umeme ukizimwa, ushahidi unayeyuka.

"Mwanangu, una njia mbili," alisema mwalimu, ambaye angestaafu Ijumaa. "Kompyuta iazime nafasi ya muda kwenye diski, ipumue, lakini ikizimwa, yote kwaheri. Au uyahifadhi majina kwenye diski moja kwa moja, yabaki hata ikizimwa."

"Iazime tu, Mwalimu," kiranja alijibu upesi. Yakibaki, atafukuzwa shule.

Mwalimu aliinama, miwani yake iliyofungwa kwa waya ikateleza puani. Akabofya jina lake la utani, Plagi. Sauti ya kiranja ikanguruma, na kikohozi katikati: "Nani, kh-hm, amegusa plagi yangu?"

Mkono wa mwalimu ulishuka hadi kwenye plagi ukutani. Kiranja aliomba kimoyomoyo aichomoe.

"Sauti umeipatia," mwalimu alisema, akifuta miwani ambayo haikuwa na vumbi. "Ila mimi hukohoa mara mbili."

Akavuta kiti, akarekodi kikohozi sahihi, mara mbili, kwa heshima zote. Kisha akabofya Hifadhi.