Vifungo Vinne

Mezani vilibaki vifungo vinne, na zamu ilikuwa ya mumewe.

Fundi cherehani, mkewe, alisogea karibu na meza. Kwa miaka thelathini walikuwa wakicheza mchezo huu kwa vifungo vilivyobaki kazini kwake: unachukua kimoja, viwili au vitatu, na anayemaliza ndiye mshindi. Miaka yote hiyo mume, mwalimu wa hesabu, alimshinda na kumficha siri. Leo mke ameinasa mwenyewe: mwachie mwenzako vinne. Hata achukue vingapi, wewe ndiye utakayemalizia.

Mzee alivitazama vifungo kwa muda mrefu. Kidole chake kilikigusa kile cha bluu, kikarudi.

"Zamu ya nani?" aliuliza.

"Yangu," mke alisema, akachukua kimoja.

Mzee akazoa vitatu kwa mpigo, akacheka mpaka machozi. Hakuwa amecheka hivyo tangu kumbukumbu zianze kumtoka.

"Unacheza kama mke wangu, dada," alisema. "Naye siri hajaijua mpaka leo."

Akageukia mlango. "Lakini leo amechelewa. Amekwambia anarudi saa ngapi?"

"Yuko njiani," alijibu, akaanza kuvipanga vifungo upya.